Mpango wa msitu wa shehia: tufunge, tupande mkesia, au tukate kwa zamu?

#1 MzeeWaUwanda

Assalaam alaykum. Naweka rasimu hapa ili ipasuliwe kabla haijafika kwa kamati.

Tuchukue shehia ya mfano, mashariki ya Unguja: hekta 180 za kichaka cha maweni (ardhi ya jiwe la matumbawe), hekta 25 za mikoko na tope tupu lililo mbele yake, na hekta 12 za makonde yaliyolala. Mkataba wa msitu wa jamii, ule wa chini ya Sheria namba 10 ya 1996, umefika wakati wa kupitiwa upya. Rasimu inasema: kichaka chote kifungwe miaka 10, makonde yote yapandwe mkesia (akasia ya kigeni), tope tupu lipandwe mikoko 50,000.

Shabaha ni msitu utakaohimili ukame wa kaskazi (msimu wa joto kabla ya masika), bahari inayopanda na watu wanaoongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Wote hao wanataka boriti na kuni. Haya, wapi panavuja?

#2 KisikiHai

Waalaykum salaam sheikh. Panavuja pote patatu. Mie nishike kichaka, wengine washike mengine.

Rasimu yako haina hata namba moja inayosema kichaka kina nini ndani. "Kimechoka" si kipimo. Pimeni kwanza. Hekta 180 zinatosha vituo 30, kimoja kwa kila hekta 6, yaani kila baada ya mita 245 kwa mistari. Kila kituo piga kijiti katikati, funga kamba ya mita 5 na sentimita 64, izungushe. Duara hilo ni mita za mraba 100, kwa hiyo kila unachohesabu ndani ukizidisha kwa 100 unapata idadi kwa hekta. Hesabu mashina hai kwa unene, kipimo kichukuliwe mita 1.3 kutoka chini: chini ya sentimita 2.5, 2.5 hadi 5, 5 hadi 10, na zaidi ya 10. Kisha visiki, na hapa ndipo penye maneno: kisiki kibichi, kisiki kikavu kilichochipua, kisiki kikavu kilichokufa.

Kosa la kawaida ni watu kukisogeza kituo kwa sababu kimeangukia kwenye miba au shimo la jiwe. Ukikisogeza umeshapima njia za kupita, hujapima msitu. Kama ni jiwe tupu, andika jiwe tupu.

Visiki vingi vyenye machipukizi maana yake mizizi ingali na nguvu, na huhitaji kupanda kitu. Visiki vingi vilivyokufa, tafuta sababu kati ya tatu: moto, mbuzi, au kukatwa tena na tena kabla chipukizi hakijarudisha akiba ya mzizi. Hii ya tatu ndiyo inayoua kichaka cha maweni kimya kimya, maana udongo wenyewe ni viganja viwili ndani ya ufa wa jiwe.

Sasa gawa. Hekta 60 ziwe hifadhi kamili: mabonde yenye udongo, kingo za mapango na visima, miti mikubwa, na pale kima punju na paa nunga wanapokaa. Zilizobaki 120 zigawe zamu 10, hekta 12 kwa mwaka. Lakini hizo hekta 12 msizikate kama shamba moja jeupe. Vipande visizidi nusu hekta, vikitenganishwa na kichaka kilichosimama, la sivyo upepo wa kusi na jua la kaskazi vitakausha ule udongo kidogo uliopo. Acha miti mama 40 kwa hekta, wastani wa mmoja kila mita 16, ya aina mbalimbali. Watu wana tabia ya kuacha miti wasiyoitaka tu. Baada ya zamu mbili kichaka kizima kitakuwa hicho hicho wasichokitaka.

Kukata: panga kali au msumeno, sentimita 10 hadi 15 kutoka chini, kwa mshazari ili maji yasituame, gamba lisichanike. Wakati mzuri ni Februari mpaka mwanzo wa Machi, chipukizi litoke na masika. Ukikata masika yakishapita, chipukizi changa linakutana na miezi mikavu. Matawi ya juu yatandaze juu ya visiki: yanazuia mbuzi na yanatia kivuli. Usiyarundike na kuyatia moto. Baada ya miezi 12 hadi 18 rudi, kila kisiki acha machipukizi 3 bora.

Miaka 10 si amri. Pimeni tena mwaka wa 4 na wa 7. Ikiwa wa 7 bado hamna mashina ya sentimita 5, zamu iwe 14 na kipande cha mwaka kipungue.

#3 BintiMicheweni

Naunga mkono, na nataka niongeze upande wa watu, maana kamati nyingi hufia hapo.

Kufunga hekta 180 kwa siku moja ni kulihamisha shoka, hujalizuia. Litakwenda shehia ya jirani, au usiku ndani ya hiyo hiyo hifadhi. Mti wa kupandwa hautoi boriti kabla ya miaka 4 au 5 hata ukiwa mvinje kwenye ardhi nzuri. Kwa hiyo miaka 4 ya mwanzo kichaka ndicho duka pekee. Punguzeni kwa hatua: mwaka wa kwanza zuieni mkaa na kukata ndani ya hekta 60, mengine yaende kwa zamu.

Kwa nini mkaa uwe wa kwanza? Kwa sababu mpiga mkaa hachagui. Anakata mkubwa na mdogo, anachimba udongo kufunikia tanuri, na moto unaivisha mbegu na mizizi pale pale. Na tanuri la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni kavu hurudisha kilo 10 mpaka 20 tu za mkaa. Kuni zile zile zikiwashwa kama kuni zingepika zaidi.

Kibali kiandikwe: namba ya kipande, aina ya mti, idadi, tarehe ya mwisho. "Mzigo mmoja" ni neno la ugomvi, maana mzigo wa kijana wa baiskeli si mzigo wa bibi wa kichwani. Tengenezeni kitanzi cha kamba cha mzunguko wa mita 2, kikae kwa sheha. Kinachoingia ndani ya kitanzi ndio mzigo. Kuni kavu zilizoanguka ziwe bure, wala asitakiwe mtu karatasi. Ukimtoza bibi kwa kuni kavu, umempoteza mlinzi mzuri kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani aliingia jana.

Jengine lisiloandikwa kwenye mipango: mambo za mwani, yaani vijiti vya kufungia kamba. Kila kamba ya mwani inataka kijiti kila upande, na wakulima wa mwani huchagua vijiti vilivyonyooka vya unene wa fito. Hivyo ndivyo boriti za miaka 6 ijayo! Wapangieni mahali pao, ama kwenye yale machipukizi anayoyapunguza KisikiHai, ama kwenye mashina yanayopunguzwa shambani. Kuwakataza bila kuwapa pengine ni kujidanganya.

Na kaeni na shehia jirani kabla ya kutia sahihi. Mpaka wa kwenye karatasi usiojulikana na mkata kuni wa upande wa pili si mpaka.

#4 BiKitalu

Makonde hekta 12. Kabla ya aina ya mti, udongo: ni kinongo (udongo mwekundu), kichanga au kinamo (mfinyanzi)? Kinongo chenye kina kirefu ni haramu kukijaza mti wa kuni, hapo pandeni matunda na mbao. Kichanga cha karibu na pwani ni mahali pa mvinje. Kinamo kinachotuama maji masika, mvinje mchanga huoza mizizi, pandeni juu ya matuta.

Kalenda ya kitalu huhesabiwa kurudi nyuma. Miche iwe tayari mvua za masika zikishika, mwisho wa Machi. Mvinje unataka miezi 5 hadi 6 kitaluni, kwa hiyo mbegu iende Oktoba. Mkesia miezi 3 hadi 4, Disemba inatosha. Anayemwaga mbegu za mvinje Januari atapanda miche ya kidole Aprili, na ikifika kaskazi inayofuata atasema "udongo mbaya".

Mbegu ya mvinje ni nyepesi mno: imwagwe juu, ifunikwe kwa mchanga uliochekechwa, unene wa milimita 2 au 3, imwagiliwe kwa manyunyu ya bomba la kupulizia. Chungu ndio adui wa kwanza, wanaibeba yote usiku mmoja. Inueni tuta la mbegu juu ya meza na miguu ya meza ikae ndani ya vikopo vya maji yenye mafuta kidogo. Mkesia gamba lake gumu: epua maji yanayochemka, mimina juu ya mbegu, maji mara 10 ya ujazo wa mbegu, ziache zipoe humo mpaka kesho yake. Zilizovimba panda, zisizovimba rudia. Usiziweke mbegu kwenye sufuria iliyo juu ya moto, hapo umepika.

Udongo wa viriba: madebe 3 ya udongo wa juu, 1 la samadi iliyooza, 1 la mchanga usio wa pwani, chumvi itaua. Kwa mvinje ongeza udongo wa chini ya mvinje mzee, au ponda vinundu vya mizizi yake uchanganye. Bila vile vijidudu vya vinundu mche unabaki wa manjano na watu wanaanza kununua mbolea.

Kiriba kilazwe juu ya karatasi ya nailoni au kiinuliwe kila wiki 3, mizizi isiingie ardhini. Mzizi uliojizungusha ndani ya kiriba hauji kunyooka, na huo mti ndio utakaong'oka na upepo baada ya miaka 5, wakati hakuna anayekumbuka kosa. Mwezi wa mwisho punguza maji pole pole na toa kivuli.

Nafasi: kuni na boriti mita 2 kwa 2, miche 2,500 kwa hekta, mbao mita 3 kwa 3, kama 1,100. Ongeza asilimia 20 ya kurudishia itakayokufa, na irudishwe ndani ya masika hayo hayo. Kupanda vuli juu ya maweni siwashauri. Mvua zinakatika Disemba, na Januari mche haujashika ndani ya ufa.

#5 KipupweKikali

Bi Kitalu kasema vizuri, lakini hakuna aliyegusa neno "yote" kwenye "yote yapandwe mkesia".

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Mti mmoja, uliopandwa kwa pamoja, upepo mmoja. Ilichukua miaka kuinuka, na Pemba ambayo haikupigwa vile ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Msitu wa mkesia mtupu ni shamba hilo hilo kwa jina jengine.

Mkesia una sifa zake: unakua upesi, unavumilia udongo mbovu, kuni zake nzuri. Udhaifu wake: matawi yake ni mepesi kukatika upepo ukizidi, na ile aina ya majani mapana huoza moyo ikiwa na vidonda vya kupogolewa vibaya. Majani yake makavu hayaozi haraka, ni zulia la kubebea moto. Mbegu zake huota nje ya shamba. Na msitarajie uchipue kama miti ya kichaka, mlapaa au mdaa: ukikata usawa wa kifundo, visiki vingi hufa. Kisiki kirefu cha sentimita 60 mpaka mita hufanya vizuri zaidi. Mvinje ndio kabisa, ukikatwa panda upya.

Pendekezo: aina moja isizidi theluthi ya eneo. Pandeni kwa vipande na kwa miaka, hekta 3 kwa mwaka kwa miaka 4, ili pasiwe na mwaka ambao miti yote ina umri mmoja. Ukingo wa upande wa kusi ufungwe mistari 3 ya mvinje, na mtondoo na mkungu karibu na pwani. Ndani kwenye kinongo mwembe, mfenesi, mvule. Njia ya moto ya mita 6 kuzunguka mkesia, ifagiliwe hadi udongo Disemba mwishoni na tena Februari. Zungumzeni na warina asali, moshi wao mwingi huishia majanini.

Mwarobaini msiupande kando ya kichaka. Ndege na popo wanausambaza na unaingia uwanda, yaani maweni, bila kubisha hodi.

#6 Bamvua

Mikoko 50,000 kwenye tope tupu. Swali moja tu: kwa nini hilo tope ni tupu?

Mikoko haisubiri mtu. Kama kuna miti mizazi hapo jirani na maji yanafika, mbegu zinafika pia. Ikiwa hazishiki basi kuna sababu, na sababu hiyo itaiua na yenu. Mara nyingi ni kimo. Mikoko huishi baina ya usawa wa kati wa bahari na mwisho wa bamvua (maji makuu ya mwezi mpya na mpevu). Chini ya hapo mche unakaa ndani ya maji saa nyingi mno. Kwetu bamvua inapanda na kushuka kama mita 4, kwa hiyo tofauti ya nusu mita haionekani kwa macho lakini ndiyo uhai na mauti.

Pimeni kwa mpira wa maji wa fundi mwashi. Tafuta mche wa porini ulio chini kuliko yote na wenye afya, weka ncha moja ya mpira hapo, ncha ya pili ipeleke kwenye tope mnalotaka kupanda. Kama tope liko chini ya mche huo, msipande. Hilo si eneo la mikoko, ni eneo la chaza, kombe na majani ya bahari, na lina wenyewe. Kinamama wanaochokoa hapo watang'oa miche, na watakuwa na haki.

Palipokatwa ndani ya msitu wenyewe ndipo pa kushughulikia. Hesabu miche ya porini kwa duara lile lile la KisikiHai. Mkikuta 25 au zaidi kwa duara, yaani 2,500 kwa hekta, na imetapakaa, lindeni tu. Kama hakuna, angalia maji: je, njia ya gari, tuta la chumvi au kifusi kimeziba mkondo? Chimbua mkondo wa zamani kwanza, ngoja bamvua kadhaa. Mara nyingi kazi inakuwa imekwisha.

Ikibidi kupanda, kila aina na mahali pake. Mlilana mbele kabisa. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya magongo, nyuma yake kwenye tope laini na kando ya mikondo. Mkandaa ndani, kwenye tope gumu. Mchu unakubali mbele na nyuma, na ndio unaovumilia chumvi nyingi kwenye vile viwanja vyeupe vya nyuma. Kosa la miradi ni mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu, rahisi kuokota na nzuri kwenye picha.

Mbegu ya mkoko iliyokomaa inatoka kwenye kofia yake kwa kuvutwa kidogo, na shingo yake ina pete ya manjano. Ya kijani tupu haijawa. Yenye tundu la mdudu tupa. Ziweke kivulini siku chache chini ya gunia bichi, kaa hawazipendi sana zikinyauka kidogo. Panda maji mafu (siku ambazo maji hayapandi sana), ili zishike kabla ya bamvua inayofuata. Chomeka theluthi, ncha iliyochongoka chini. Naam, watu hugeuza. Nafasi mita 1 kwa 1. Usipige nyundo wala usichomeke kwenye tope gumu bila kutoboa kwanza kwa kijiti, gamba likichubuka inaoza.

#7 MzeeWaUwanda

Shukran, nimefuta 50,000. Na mchu? Mbegu zake si ndefu.

#8 Bamvua

Ni tunda dogo kama kunde kubwa. Lowesha kwenye ndoo ya maji siku moja, ganda linavuka lenyewe. Lisilovuka acha. Kisha ama kwenye viriba vya tope la hapo hapo pwani, miezi 3 au 4, kitalu kikiwa mahali bamvua inafika, au tawanya kwenye tope lenye majani ya kuzuia zisielee. Mbegu haikai, ndani ya siku chache imekufa. Okota na panda wiki hiyo hiyo.

#9 Mpapindi

Salamu kutoka Pemba. Mambo mawili.

La kwanza, nyuma ya mikoko. Bahari ikipanda mikoko husogea nchi kavu, ikiwa pana pa kusogea. Ukuta, nyumba ya wageni au barabara isiyo na makalvati nyuma yake inaikaba baina ya maji na saruji. Pemba tumeona maji ya chumvi yakiingia makondeni, Kisiwa Panza ni mfano unaojulikana. Konde la mpunga lililokwisha kwa chumvi linaweza kuachiwa mkandaa na mchu, lakini lina mwenyewe, na huwezi kumwambia tu "waachie mikoko". Andikeni kwenye mkataba: ukanda wa mita kadhaa nyuma ya mikoko usiouzwa wala kujengwa, na mwenye konde anapata nini: haki ya mizinga ya nyuki, kuni za kupunguzia, au konde jengine. Pigeni picha na kuweka alama za mawe sasa, kabla bei ya kiwanja cha pwani haijapanda. Ikishapanda hakuna kamati itakayosikilizwa.

La pili, wapandaji wasiolipwa. Mvule hutawanywa na popo. Popo wa Pemba karibu atoweke kwa kuwindwa, na kulindwa kwake kumerudisha makundi. Msikate mti wanaolala hata kama umezeeka na una thamani ya mbao. Huo unafanya kazi ya kitalu kizima cha Bi Kitalu, na samahani Bi.

#10 BiKitalu

Umesamehewa, ila popo wako hanioteshei mvinje.

#11 MzeeWaUwanda

Haya, rasimu mpya: vituo 30 kabla ya lolote. Hekta 60 hifadhi, 120 kwa zamu. Mkaa marufuku, kuni kavu bure, kitanzi kwa sheha. Makonde hekta 3 kwa mwaka, aina moja isizidi theluthi. Tope tupu tusiliguse, tufungue mkondo uliozibwa na njia ya gari. Ukanda wa nyuma uwekewe mawe.

Limebaki moja: mkataba ni wa miaka, mambo yanabadilika kila msimu. Tutajuaje wakati wa kugeuza bila kungoja upitiwe tena?

#12 KisikiHai

Andikeni alama za kugeuzia ndani ya mkataba wenyewe, kila moja na hatua yake, ili kamati isihitaji mkutano mkuu. Kwa mfano: vituo 10 kati ya 30 vikionesha visiki vilivyokufa kuliko vilivyochipua, kipande cha mwaka unaofuata hakifunguliwi. Masika yakichelewa kupita Aprili 15, hakuna kupanda juu ya maweni, miche ihamishiwe viriba vikubwa. Moto ukipita kwenye kipande, kifungwe misimu miwili ya masika na hesabu ifanywe upya. Vibali vikiisha kabla ya Septemba, mahitaji yamezidi: hapo ni kuongeza shamba la kuni, msiongeze vibali.

Na daftari liwe na nakala mbili, moja kwa sheha na moja kwa ofisa misitu wa wilaya. Vituo vipimwe na vijana wawili na mmoja wa wakata kuni. Huyo wa tatu ndiye atakayewaambia kisiki kimekufa kwa panga la nani, na lini.

#13 BintiMicheweni

Na huyo wa tatu alipwe posho sawa na hao wawili.